Kipuli cha Kushoto

Boksi lilikuja na mipira ya saizi tatu:
mdogo, wa kati, mkubwa.
Sikio la kulia lilichagua wa kati, likatulia.
La kushoto halikupenda wowote.
Mdogo unachomoka nikiinama,
mkubwa unauma kama deni,
wa kati unakaa mpaka nyumba ya tisa,
kisha unaanza safari yake kuelekea kwenye kola.

Nagawa barua Winnipeg, Selkirk na vichochoro vyake,
milango mia tatu na arobaini, mbwa kumi na wawili.
Mwaka juzi nilivaa hedifoni za waya.
Ilipofika nyuzi thelathini chini ya sifuri
waya ulikauka, ukasimama shingoni
kama ndevu za kambale,
ukanasa kwenye zipu. Nikavuta.

Hizi hazina waya. Marivic wa zamu ya kuchambua
alisema, utashukuru. Nashukuru.
Ila kuzima ni kugusa mara moja, kuruka mara mbili,
na glavu juu ya glavu haigusi, inapapasa.
Anayegusa ni kofia ya sufu:
nikigeuza shingo kutazama gari
kofia inamkatiza dada yangu.

Maana sisikilizi muziki. Namsikiliza Zuwena wa Muheza,
anayenitumia sauti za dakika kumi na moja, kumi na nne,
anasema huku anakaanga, mafuta yanalia,
anamfukuza kuku katikati ya habari za msiba.
Sikio halilali na njaa, wamesema.
Langu hula likitembea.

Na hili karatasi ya maelekezo haikuliandika:
ukiziba masikio unajisikia mwenyewe.
Hatua zangu thelujini zinatokea ndani ya fuvu.
Nikitafuna biskuti, mtu anapasua kuni sebuleni.
Mate. Pumzi. Kwa Bi Halldórsson, vidato tisa vya barafu,
moyo unabisha kama mpangaji aliyesahau ufunguo,
na Zuwena anaongea juu ya vyote hivyo
kama aliyezoea kelele za nyumba yangu.

Mama aliniona kwenye video.
Vipuli gani hivyo, havina hata urembo?
Siyo vipuli, mama, ni vipuri.
Vya nini?
Vya sikio.
Alicheka mpaka simu ikamwanguka.

Februari, pale pale kwa Bi Halldórsson,
cha kushoto kilidondoka kwenye lundo la theluji.
Zuwena alikuwa anafika penyewe:
*na yule mwanamume, unajua alimjibu nini...*
Nikachimba, nikimsikia kulia,
najua kushoto anaiambia theluji hayo hayo,
neno kwa neno, chini huko, bila kukohoa.
Bi Halldórsson akatoka na ufagio.
Tukafagia. Betri ikaisha, au umbali, sijui.
Theluji ya hapa haiibi, akasema, inaazima.
Subiri Aprili.

Miezi miwili nikatembea na sikio moja wazi.
Kijana wa namba themanini na nane,
niliyemdhani hasemi na watu,
kumbe kila siku alikuwa ananisalimu,
nami nikimpita kama nguzo ya umeme.
Nilimwitikia kwa sauti kubwa mno. Alishtuka.

Aprili ikarudisha glavu isiyo yangu,
sarafu mbili, mfupa wa mbwa,
na kipuli changu, kimejaa tope kwenye wavu.
Nikakisugua kwa mswaki, nikakilaza ndani ya mchele
siku tatu, kama mgonjwa.
Kikawaka taa. Sauti imekuwa nyembamba kidogo,
ya mtu aliyetoka kulala baridini.

Leo nimevaa vyote viwili.
Nyumba ya tisa, mpira wa kati unaanza safari yake.
Naurudisha kwa kifundo cha kidole, barua mdomoni,
na Zuwena, mafuta yakilia nyuma yake, anauliza:
unanisikia lakini?